Ndui Haikuondoka kwa Sindano Peke Yake



Ndugu msomaji, leo ukimaliza kufuturu hebu mtazame babu au nyanya yako mkono wa juu, karibu na bega. Wengi wa wazee wetu wana kovu pale. Ukiuliza utaambiwa ni la ndui. Wewe na mimi hatuna kovu lile, wala hatutaligawa kwa watoto wetu, na si kwa sababu ya ushujaa wetu. Hatuna kwa sababu ndui haipo tena duniani. Katika maradhi yote yanayowapata wanadamu, ni hiyo moja tu ambayo imekwisha kabisa.

Na usidhani ilikuwa jambo dogo. Ndui kali iliua watu kama 3 katika kila 10 iliowashika. Waliopona wengi walibaki na mashimo usoni, na wengine wakapofuka macho. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake iliua watu wapatao milioni 300. Hiyo ni karne ya redio na ndege, si zamani za mababu.

Sasa tukiulizana ni nini kilichoiondoa, sote tutajibu haraka: chanjo. Ni kweli, lakini jibu hilo ni nusu. Mkono haujichanji wenyewe. Kabla mtu hajaunyoosha, kuna aliyemwambia jambo, naye akaliamini. Aliambiwa na nani? Kwa maneno gani? Na wale waliokataa, waliambiwa nini na nani?

Sisi tuliopitia chuoni tumefundishwa kwamba habari haichukuliwi hivi hivi, hutazamwa kwanza sanad yake: nani kapokea kwa nani, na ni mtu wa namna gani. Nataka leo tuifanyie ndui kazi hiyo hiyo. Tufuate habari yake ilivyobebwa, na tabibu, na mama mwenye watoto, na mtumwa, na mwandishi wa gazeti, na mchoraji, mpaka kwa mpishi mmoja hapa jirani Somalia. Utaona mwenyewe kwamba elimu inaweza kuwepo miaka mingi na watu wakafa kando yake.

TABIBU ALIYEWAANDIKIA WASIO NA TABIBU

Tuanze na Abu Bakr Muhammad ibn Zakariya al-Razi. Alizaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, akasimamia hospitali za Rayy na Baghdad, na akafariki karibu mwaka 925. Aliandika kitabu kuhusu ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu waliyachanganya kwa sababu yote hutoa vipele. Yeye aliyatenganisha kwa dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuziona: kwamba ndui hutanguliwa na homa, maumivu ya mgongo, kuwashwa pua na kushtuka usingizini, na kwamba maumivu ya mgongo yamo zaidi katika ndui kuliko katika surua.

Sababu aliyoitoa, kwamba ni damu inayochemka mwilini, leo tunajua si sahihi. Lakini alichokiona kwa macho alikieleza sawasawa, ndiyo maana kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini na lugha nyingine, na mwaka 1848, zaidi ya miaka 900 baada yake, bado kilikuwa kinatafsiriwa kwa Kiingereza.

Al-Razi ana kitabu kingine ambacho nakipenda zaidi kwa jina lake tu: Man la yahduruhu al-tabib, yaani mtu asiye na tabibu wa kumhudumia. Aliwaandikia maskini, wasafiri na watu wa kawaida, ili mtu akishikwa na maradhi mahali pasipo na tabibu, ajue la kufanya na vitu vinavyopatikana karibu. Fikiria, mkubwa wa hospitali ya Baghdad anakaa chini kuandika kwa ajili ya mtu ambaye hatawahi kumwona wala kumlipa! Wako wasomi wengi ambao huandika ili wasomwe na wasomi wenzao. Huyu aliwaandikia na wengine pia.

WANAWAKE WA ISTANBUL

Turuke miaka 800, twende kwenye dola ya Uthmaniya. Huko, kabla Ulaya Magharibi haijajua lolote la maana kuhusu kinga ya ndui, palikuwa na desturi ya kuchanja. Neno letu la kuchanja ni lile lile la kuchanja chale, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo hiyo: unachukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui nyepesi, unaupaka penye mkwaruzo wa mtu mzima wa afya. Anaugua kidogo, anapona, na ndui haimrudii. Jambo hilo lilijulikana pia sehemu za Afrika, India na China.

Wanasayansi wa London waliletewa habari hii kwa maandishi. Mwaka 1714 chama chao, Royal Society, kilichapisha maelezo ya tabibu Emanuel Timoni kutoka Istanbul, na mwaka 1716 yakaja ya mwenzake, Jacopo Pylarini. Yakasomwa, yakajadiliwa, yakawekwa. Watoto wa London wakaendelea kufa.

Aliyeitoa habari kwenye karatasi ni mwanamke. Lady Mary Wortley Montagu alikuwa mke wa balozi wa Uingereza kwa Uthmaniya. Ndui ilikuwa imemuua kaka yake mwaka 1713, na mwaka 1715 ikamshika yeye mwenyewe, ikamharibu uso na kumwondoa kope. Kwa hiyo alipofika huko, macho yake yaliona kile ambacho wengine walikipita. Tarehe 1 Aprili 1717 alimwandikia rafiki yake barua kutoka Edirne, akimweleza jinsi vikongwe wanavyokuja msimu joto linapopungua, wakiwa na ganda la kokwa lenye usaha wa ndui na sindano, na familia hukusanyika kama watu wanaokwenda karamuni. Akasema anakusudia kuipeleka desturi hiyo kwao, ingawa alijua matabibu watampinga kwa sababu itawapunguzia kipato. Maneno yake ni mepesi, hayana istilahi hata moja ya kumtisha mtu.

Lakini hakuishia kuandika. Machi 1718 alimchanja mwanawe wa kiume huko Istanbul. Kikongwe wa Kigiriki alimchanja mkono mmoja kwa sindano yake kuukuu yenye kutu, na Charles Maitland, daktari wa ubalozi, akamchanja wa pili kwa kisu chake. Na mwaka 1721 ndui ilipopamba moto London, alimwita Maitland amchanje binti yake mdogo mbele ya matabibu wa ikulu. Watu wakamwona mtoto, wakaona vipele vichache, wakamwona anacheza tena.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda. Agosti mwaka huo wafungwa 6 wa gereza la Newgate, waliokuwa wakingojea kunyongwa, waliahidiwa kuachiliwa wakikubali kuchanjwa. Wote wakapona na kuachiliwa. Mtu aliyevikwa kitanzi hana hiari ya kweli, na jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa. Mwaka uliofuata mabinti wawili wa familia ya kifalme nao wakachanjwa.

Kisha Lady Mary akatumia gazeti. Matabibu wa London walikuwa wanakata mikono kwa kina na kutia usaha mwingi, wengine wakaumia. Mwaka 1722 akaandika kwenye gazeti la Flying Post maelezo ya wazi ya jinsi wanawake wa Istanbul walivyofanya, lakini akajificha nyuma ya jina la mfanyabiashara wa Uturuki. Unaona, dada yangu unayesoma? Mwanamke ndiye aliyeijua habari, akaijaribu kwa mwanawe, lakini alihofia kwamba jina la mwanamke halitasikilizwa gazetini.

BOSTON: ALIYEJUA ALIKUWA MTUMWA

Mwaka huo huo wa 1721 ndui iliingia Boston, Marekani, kwa meli. Mji ulikuwa na watu kama 11,000. Mhubiri mmoja maarufu wa huko, Cotton Mather, alikuwa na habari ya kuchanja tangu miaka ya nyuma. Aliipata kwa Onesimus, Mwafrika ambaye waumini wa kanisa lake walimpa kama mtumwa mwaka 1706. Mather alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, Onesimus alimwonyesha kovu mkononi, akamweleza walivyomchanja kwao Afrika Magharibi. Mather akawauliza Waafrika wengine wa Boston, mmoja mmoja, wakamwambia maneno yale yale. Baadaye akasoma maelezo ya Timoni, yakakubaliana.

Ewe mwanachuoni, hebu pima. Wapokezi wengi, kila mmoja na njia yake, hawakukaa kikao kupanga uongo, na habari yao ni moja. Ungesemaje?

Boston ilisema wanadanganya. Daktari William Douglass, pekee mjini aliyekuwa na shahada ya udaktari, aliwadhihaki Waafrika na kusema maneno yao hayafai kutegemewa. Tarehe 7 Agosti 1721 James Franklin akaanzisha gazeti, New-England Courant, na habari iliyoliuza ni kupinga chanjo na kumkejeli Mather. Mhariri hakujua utabibu, ila alijua kejeli inanunuliwa. Joto likapanda mpaka Novemba mtu akatupa guruneti dirishani kwa Mather. Bahati njema halikulipuka.

Tuwe waadilifu lakini. Si kila alichosema Douglass kilikuwa upuuzi. Aliyechanjwa kwa ndui yenyewe alikuwa anaweza kumwambukiza jirani, na jambo lilikuwa halijapimwa vya kutosha. Hiyo ilikuwa hoja halali na ilistahili jibu. Kosa lilikuwa kumpima msemaji kwa rangi yake na kwa minyororo yake badala ya kupima ukweli wake.

Aliyekubali kujaribu ni daktari Zabdiel Boylston, ambaye Juni 1721 alimchanja mwanawe wa miaka 6 pamoja na watumwa wake wawili, mmoja mtu mzima na mwingine mtoto. Ugonjwa ulipopita, waliohesabiwa kuugua Boston walikuwa 5,889 na waliokufa 844, yaani mmoja katika kila 7. Boylston alichanja watu wapatao 240, wakafa 6, yaani mmoja katika kila 40.

Kwenye kiwanda cha lile gazeti palikuwa na kijana wa miaka 15, ndugu yake mhariri, aliyekuwa akijifunza uchapaji. Jina lake Benjamin Franklin, yule ambaye baadaye alikuwa mtu mkubwa Marekani. Alipokua aliiamini chanjo. Lakini mwaka 1736 mwanawe Francis, wa miaka 4, alifariki kwa ndui kabla ya kuchanjwa, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa kuhara na baba yake akangoja apone kwanza. Watu wakaanza kuvumisha ati ameuawa na chanjo. Franklin, katika msiba wake, akachapisha kwenye gazeti lake kwamba si kweli, mtoto hakuwa amechanjwa. Mwaka 1759 akaandika utangulizi wa kijitabu kuhusu chanjo kilichogawiwa bure Marekani. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba alijuta sana, na kwamba anaandika ili wazazi wengine wajue. Gazeti lilimfunza mapema jinsi uvumi unavyochapwa, na uhai wa mwanawe ukamfunza kwa nini ni lazima ujibiwe.

HESABU IWEKWE MEZANI

Huko London kelele nazo zilikuwa nyingi. Aliyezituliza ni katibu wa Royal Society, James Jurin, na hakufanya hivyo kwa kupaza sauti. Kuanzia mwaka 1723 aliwaomba matabibu na watu wengine kila mahali wamwandikie: umechanja wangapi, wamepona wangapi, wamekufa wangapi? Barua zikaja, akazijumlisha, na karibu kila mwaka akachapisha kijitabu. Walioshikwa na ndui yenyewe, alikufa mmoja katika kila 5 au 6. Waliochanjwa, mmoja katika kila 50 hivi.

Ona kwamba hakuficha wale waliokufa kwa kuchanjwa. Angeweza kusema haina madhara yoyote, watu wafurahi. Siku mtoto wa kwanza angekufa, kijitabu chake kingetupwa jikoni kuwashia moto. Kwa kuitaja hasara mwenyewe, aliacha hasara isije kutajwa na adui kama siri iliyofichuliwa.

MCHORAJI NAYE ANA KALAMU

Tarehe 14 Mei 1796 daktari Edward Jenner wa Uingereza alimchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi kwa Sarah Nelmes, msichana mkamuaji wa maziwa. Hii ilikuwa njia mpya na salama zaidi, kwa sababu ndui ya ng'ombe haikuua na haikumwambukiza jirani ndui ya kweli. Neno la Kiingereza la chanjo limetokana na neno la Kilatini la ng'ombe.

Jenner alipochapisha kitabu chake mwaka 1798 alitia michoro ya rangi, mmojawapo ukiwa wa mkono wa Sarah na vipele vyake. Alifanya jambo la busara. Daktari wa kijijini ambaye hajawahi kuona ndui ya ng'ombe, maneno elfu hayamsaidii kuitambua. Mchoro ulimwonyesha.

Lakini mwaka 1802 mchora katuni maarufu wa London, James Gillray, naye akatoa mchoro wake: watu wamejazana kuchanjwa, na waliochanjwa wanachipua ng'ombe, mmoja puani, mwingine mkononi, mwingine mdomoni. Watu wakacheka, na katika kicheko kile hofu ikaingia. Mpaka leo, zaidi ya miaka 200, katuni ile inaonyeshwa kuliko mchoro wa mkono wa Sarah. Wewe unayechora, unayeigiza, unayetengeneza video za dakika moja za kuchekesha, kumbuka katuni hii. Kazi yako itasafiri mbali kuliko hotuba ya daktari, na haitasimama kukuuliza kama ulichochora ni kweli.

KADI YA PICHA, NA MPISHI WA MERCA

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza mpango mkali wa kuimaliza ndui, chini ya Donald Henderson. Wakati huo bado ilikuwa inashika watu milioni 10 hadi 15 kwa mwaka. Chanjo ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 160. Ilikosekana njia ya kujua mgonjwa yuko wapi, ili wote wanaomzunguka wachanjwe upesi kabla ugonjwa haujatoka.

Wakatengeneza kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui. Wafanyakazi wakaibeba sokoni, shuleni, kwenye visima na kwenye mahema ya wafugaji, wakiuliza: umemwona mtu wa namna hii? Mtoto wa shule asiyejua kusoma sawasawa aliweza kujibu. Sehemu nyingi aliyetoa habari alipewa zawadi ya fedha. Hapo elimu ilienda njia mbili: daktari alimwelimisha mchungaji, na mchungaji akamwelimisha daktari. Bila ya mchungaji, daktari alikuwa kipofu jangwani.

Hatimaye ikabaki Pembe ya Afrika tu. Merca ni mji wa bandari wa kale, kusini mwa Mogadishu, katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa wa ndui lilifika hospitali ya mji likiulizia njia ya kambi ya kuwatenga wagonjwa. Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali, akapanda kuwaonyesha. Safari haikufika robo saa. Tarehe 26 Oktoba vipele vikamtoka. Kwanza walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga, na rafiki zake wakawa wanamtembelea.

Ajabu yake ni kwamba Maalin aliwahi kufanya kazi katika kampeni yenyewe ya chanjo. Alikuwa karibu na sindano kila siku, lakini yeye hakuchanjwa, kwa sababu aliona inauma akaogopa! Baadaye alikuwa akilieleza hilo mwenyewe bila kuona haya.

Waliokutana naye wakatafutwa mmoja mmoja, njia za mji zikalindwa, na zaidi ya watu 50,000 wakachanjwa katika muda wa wiki mbili hivi. Hakuugua mwingine. Ndui yake ilikuwa ya aina nyepesi, akapona. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizi ya kawaida. Mwaka uliofuata ilitokea ajali ya maabara huko Birmingham, Uingereza, ikamuua mpiga picha wa chuo cha udaktari. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa rasmi kwamba ndui imekwisha.

KANO: IMANI YA WATU IKIVUNJIKA

Ningeweza kuishia hapa tukapongezana. Lakini kuna ukurasa ambao sisi Waislamu wa Afrika tunapaswa kuusoma bila kukwepa.

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwa mbele, yalisimamisha chanjo ya polio. Baadhi ya masheikh na madaktari walisema imetiwa dawa za kuzuia uzazi na virusi vya ukimwi. Haikuwa kweli. Lakini kabla hujawaita wajinga, jua kwamba mwaka 1996, palipokuwa na mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ya Marekani ilikuja Kano kujaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto. Familia zikalalamika kwamba watoto wao walikufa au kulemaa na kwamba hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, kesi ikavutana miaka, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kuimaliza na serikali ya Kano. Basi yule mzazi wa mwaka 2003 hakuwa na shaka ya bure. Shaka yake ilikuwa na historia, ila ilielekezwa mahali pasipo pake, na aliyeadhibiwa ni mtoto wake.

Chanjo ilirudi Kano mwaka 2004, baada ya kupimwa na baada ya kutafutwa chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Unaona? Dawa ni ile ile, lakini aliyeileta alikuwa mtu wanayemwamini. Hata hivyo polio ilikuwa imekwisha kusafiri, ikafika Saudi Arabia, Yemen, na Indonesia yenyewe. Mwaka 2005 ikaingia Somalia.

Na unadhani ni nani aliyekuwa njiani Somalia akienda nyumba kwa nyumba? Ali Maow Maalin, mpishi wetu. Alijiunga na kazi ya kuwahimiza wazazi kuwapa watoto matone ya polio. Mzazi akikataa, Maalin alimsimulia habari yake: kwamba alikuwa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui, na kwamba alikataa chanjo kwa hofu. Alikuwa hataki nchi yake iwe ya mwisho pia katika polio. Mlipuko ule ulizimwa mwaka 2007. Mwaka 2013 polio ikarudi Somalia, na ikavuka kwetu Kenya ikapooza watu 14. Maalin akarudi kazini. Alifariki kwa malaria Julai mwaka huo huo, kampeni ikiendelea. Allah amrehemu.

Kaskazini mwa Nigeria nako waliendelea kutafuta njia. Viongozi wa jadi na wa dini wakashirikishwa, na jioni zikaonyeshwa filamu uwanjani, ambazo Wahausa huziita majigi, watu wakaona kwa macho yao mtoto aliyepooza na wakapata nafasi ya kuuliza maswali. Agosti 2020 bara lote la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokana na virusi vya asili vya polio.

SISI TUNABEBA NINI?

Ndugu yangu, kila mmoja wetu leo ana gazeti mfukoni. Ukipokea ujumbe kwenye WhatsApp ati chanjo fulani ni sumu, au ati mitishamba fulani inaponya kisukari kwa siku tatu, ukabonyeza na kuupeleka kwa shangazi na kundi la mtaa, umekuwa mchapishaji kama James Franklin. Na ule ujumbe ukiishia kwa mama ambaye kesho alikuwa ampeleke mtoto kliniki, huwezi kusema mimi nilipeleka tu.

Kabla hujabonyeza, uliza kama ulivyofunzwa. Ni nani hasa aliyesema, ana jina? Alikuwepo, au naye kaletewa? Je, ametaja na hesabu iliyo kinyume naye, kama Jurin, au anataja upande mmoja tu? Na yeye mwenyewe, mwanawe kamfanyia nini? Ukikosa majibu, uache ujumbe ufie kwenye simu yako.

Na ninyi wenzangu mlioko vyuo vikuu mnaosomea udaktari, uuguzi, famasia na biolojia, lawama nyingine ni yetu. Tunaijua habari kwa Kiingereza, tunafaulu mitihani, kisha barazani tunanyamaza au tunasema maneno ambayo bibi hayaelewi. Akiuliza swali tunamcheka. Akicheka sana jirani muuza uvumi ndiye atakayemjibu, kwa Kiswahili safi, na kwa adabu. Mwezi huu watu hukusanyika kila usiku baada ya tarawehe. Chukua dakika 10, eleza jambo moja unalolijua vizuri, kwa lugha ya nyumbani, na lile usilolijua sema sijui. Anayechora achore, anayetunga atunge, mradi asimchoree mtu ng'ombe asiyekuwepo.

Onesimus alionyesha kovu lake akasema kweli, na mji ukachagua kutosikia. Watu 844 walizikwa. Tusiwe mji ule, wala tusiwe wale wenye elimu waliokaa kimya kando yake.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.